Tupeane uzoefu: mkunga anapobaki peke yake zamu ya usiku

Mleta mada (Tanga mjini)

Wanajamvi, assalaam aleikum, na heri kwenu nyote. Mimi ni muuguzi mkunga, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja kazini, na miaka sita ya mwanzo niliitumikia zahanati moja ya kijijini katika mkoa wetu huu wa Tanga. Nawaomba wakunga wenzangu, akina mama mliojifungua mikononi mwetu, na akina baba mliosubiri nje mkiwa na kanga na beseni, tuelezane yale tuliyoyaona pale mkunga anapoachwa afanye kazi peke yake.

Naanza mimi. Usiku mmoja wa masika nilipokea wajawazito watatu wenye uchungu kabla ya saa sita, na umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, hivyo nikaifunga simu yangu kwa bandeji kwenye stendi ya dripu ili imulike kitanda. Wa kwanza alijifungua salama, nikamchoma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu isitoke nyingi, yuniti 10 pajani kama tulivyofundishwa, lakini haikuchukua muda kanga iliyokuwa chini yake ikalowa damu kiasi cha kukamulika. Mkono mmoja ulikuwa ukisugua tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze, mwingine ukitafuta mshipa wa kuwekea dripu, na nyuma ya pazia wa pili akaita kwamba mtoto anakuja. Nikamwita mama mkwe wa yule wa kwanza, nikamshika mkono na kumwonyesha mahali pa kusugua, naye akasugua huku akisoma dua, nami nikaenda kumpokea mtoto wa pili. Wote walisalimika. Patografu ya wa tatu niliijaza asubuhi kwa kukumbuka, na jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu kazi ya karatasi ile ni kutuonya mapema kwamba uchungu hauendi sawasawa, na ukiijaza mtoto akiwa ameshazaliwa haina tena wa kumwonya.

Nafurahi kwa dhati kwamba nchi yetu imepiga hatua: utafiti wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Hata hivyo ripoti ya hali ya ukunga duniani ya 2021 ilieleza kwamba dunia ina upungufu wa wakunga 900,000, na Afrika ndiyo iliyopungukiwa zaidi. Kila nikiisikia hesabu hiyo namkumbuka yule mama mkwe.

Mchangiaji wa 1 (Pangani)

Dada mkunga, pole sana na Mungu akulipe. Mimi natokea ng'ambo ya kusini ya mto Pangani, upande wa Bweni, na mimba yangu ya kwanza nililelewa na mkunga wa zahanati ya kwetu. Mimba ilipofika miezi minane nilianza kuumwa kichwa na kuona vimulimuli machoni, na nyumbani waliniambia ni uchovu wa mimba. Yule dada alinipima presha, akapima na mkojo, kisha akakaa kitandani karibu yangu akanieleza kwa sauti ya chini kwamba hii ni dalili ya kifafa cha mimba na kwamba lazima nivuke usiku ule ule. Alinichoma sindano ya magnesiamu matako yote mawili, nayo inauma kweli. Kivuko kilikuwa kimeshapumzika. Mume wangu alizunguka akigonga milango ya wavuvi mpaka akampata mwenye boti ya mashine, na tulipofika upande wa pili ilikuwa karibu alfajiri. Mwanangu yuko hai na mimi niko hai. Mkunga wetu alijua la kufanya na alilijua mapema, ila elimu yake ilikwama ukingoni mwa mto.

Mchangiaji wa 2 (Muheza, mkunga mstaafu)

Wanangu, nimesoma hadi nikavua miwani. Nitasema machache ambayo vijana huogopa kuyasema. Oksitosini inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na friji letu lilikuwa likizima siku nzima; dawa iliyopata joto hupungua nguvu, na damu isipokata, wa kwanza kuulizwa ni mkunga. Pili, damu tulikuwa tukiikadiria kwa macho, na macho hukadiria chini. Niliposikia kuhusu utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa 2023, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne zilizoshiriki, kwamba mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo unaowekwa chini ya mzazi, pamoja na tiba inayotolewa yote kwa mkupuo, ulipunguza kwa asilimia 60 matukio ya damu nyingi na madhara yake makubwa, niliwakumbuka kina mama wangu wawili ambao sitawataja.

La tatu ni letu wenyewe. Tumewafokea wazazi. Nilimfokea binti wa miaka kumi na saba aliyekataa kupanda kitandani, na mimba yake iliyofuata alijifungulia kwa bibi yake. Uchovu wa zamu mbili mfululizo ulikuwepo, lakini yule binti hakuujua uchovu wangu, alilijua neno langu.

Mchangiaji wa 3 (Lushoto)

Shikamoo mama wa Muheza. Kwetu milimani tulimbeba mke wangu kwa machela hadi barabarani. Mwaka jana shemeji yangu alipopata uchungu tulipiga 115, namba ya bure ya m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, na gari likaja. Kutoka nyumbani hadi lilipoishia gari, machela ni ile ile.

Mleta mada

Marahaba zote ziende kwa mama wa Muheza, nami namshukuru kwa kulisema lile la tatu. Kuna aliyeniuliza faraghani kama niliwahi kuletewa mwenzangu. Ndiyo, mwaka uliofuata aliletwa dada mmoja, na kwa miezi minne tulikuwa wawili: mmoja akiwa na mzazi, mwingine anajaza patografu kila nusu saa kwa wakati wake, na tulimpa rufaa mzazi mmoja saa tatu mapema kuliko ambavyo ningempa nikiwa peke yangu. Kisha mwenzangu akaenda likizo ya uzazi, na nafasi yake haikushikwa na mtu. Wakunga wa Kilindi na Handeni, karibuni, nyie huko mko wangapi kwa zamu?