Unai Emery: kwa nini alinyanyua makombe Sevilla na Villarreal, kisha akaondoka Paris na Arsenal bila kusifiwa?

Mtazamaji wa Pembeni ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu.

Nimeifuatilia safari ya Unai Emery kwa miaka mingi, na kuna jambo ambalo kila nikilitafakari halinikai sawa. Alizaliwa mwaka 1971 Hondarribia, katika eneo la Wabaski kaskazini mwa Hispania, kwenye ukoo wa wanasoka. Babu yake, Antonio Emery, alikuwa mlinda mlango wa Real Unión ya Irún, na ndiye aliyefungwa bao la kwanza kabisa katika historia ya Ligi Kuu ya Hispania, mwezi Februari 1929, timu yake ilipokuwa ugenini kwa Espanyol. Baba yake naye alikuwa kipa. Yeye mwenyewe alicheza upande wa kushoto wa kiungo, akakulia Real Sociedad, lakini katika kikosi cha wakubwa aliambulia mechi 5 za ligi na bao 1 tu. Muda uliobaki aliumalizia Toledo, Racing Ferrol, Leganés na Lorca, mbali na Ligi Kuu.

Mtu huyu ndiye aliyekuja kulibeba Kombe la Ligi ya Europa mara 4 kati ya mwaka 2014 na 2021, mara 3 mfululizo akiwa na Sevilla na mara 1 akiwa na Villarreal, ambayo kabla ya hapo haikuwa imewahi kutwaa kombe lolote kubwa. Lakini Paris Saint-Germain anakumbukwa kwa kipigo cha 6-1 kutoka kwa Barcelona katika Ligi ya Mabingwa, na Arsenal anakumbukwa kwa kufungashiwa virago mwezi Novemba 2019.

Maswali yangu ni mawili, ingawa nahisi jibu lake ni moja. Je, mchezaji wa kiwango cha kawaida kama yeye alijifunzia wapi kazi hii? Na kwa nini ujuzi uleule uliozaa matunda Sevilla haukuzaa kwa kiwango kilekile kwenye klabu zenye fedha na majina makubwa zaidi?

Kiungo Mkabaji amejibu:

Ndugu Mtazamaji, nadhani jibu limo katika sehemu ambayo umeipita haraka, yaani Lorca.

Msimu wa 2004/05 Emery alikuwa mchezaji wa klabu hiyo ndogo ya mkoa wa Murcia, goti likiwa limemchosha, na katikati ya msimu uongozi ukamkabidhi timu. Alikuwa na miaka 33, na waliokuwa wenzake uwanjani jana yake wakawa vijana wake asubuhi iliyofuata. Kocha wa namna hiyo hana jina la kuwatisha wachezaji wala medali ya kuwaonyesha, na silaha pekee aliyo nayo ni kujua mambo kuliko wao, kwa hiyo akalazimika kujua. Lorca ilipanda hadi Segunda División, ligi ya pili kwa ukubwa kule Hispania, na mpinzani wa mwisho iliyemtoa katika michezo ya mtoano alikuwa Real Unión, klabu ya babu yake na baba yake. Sijui kama yupo mwandishi wa hadithi ambaye angethubutu kubuni kisa kama hicho. Msimu uliofuata timu ile ilimaliza nafasi ya 5, akachukuliwa na Almería, akaipandisha Ligi Kuu mwaka 2007, na mara moja ikamaliza nafasi ya 8.

Kisha ikaja Valencia, klabu iliyokuwa imeelemewa na madeni. Mwaka 2010 waliondoka David Villa na David Silva kwa mpigo, mwaka uliofuata akaondoka Juan Mata, na bado alimaliza nafasi ya 3 mara 3 mfululizo, nyuma ya Barcelona na Real Madrid peke yake. Mashabiki walimzomea hata hivyo, kwa sababu nafasi ya tatu ikizoeleka hugeuka kuwa kawaida.

Kuhusu namna anavyofanya kazi, kinachozungumzwa zaidi ni video. Joaquín, winga wake wa Valencia, aliwahi kutania kwamba Emery alimwonyesha video nyingi hadi bisi zikamwishia. Ni mzaha, lakini unaeleza ukweli: huyu ni kocha anayemtaka beki wa kushoto ajue winga wa mpinzani hupenda kukatia wapi, na anayemtaka mshambuliaji ajue asimame wapi mpira wa kona unapopigwa na wapinzani. Mchezaji mwenye kipawa cha juu huona mambo haya bila kufundishwa, na ndiyo maana mara nyingi hushindwa kumweleza mwenzake. Aliyeshindwa kupenya Real Sociedad alikuwa na sababu ya kujiuliza mwenzake amewezaje, na naamini kujiuliza huko ndiko kulikokuwa shule yake.

Tazama fainali ya Europa ya mwaka 2016 pale Basel. Liverpool walikuwa mbele kwa bao la Daniel Sturridge hadi mapumziko, na kwa jinsi walivyocheza wangeweza kuongeza. Sevilla walirudi uwanjani na kusawazisha kwa bao la Kevin Gameiro kabla hata nusu dakika haijatimia, kisha Coke, ambaye kwa kawaida ni beki wa kulia lakini usiku ule alipangwa mbele yake, akafunga mawili, mchezo ukaisha 3-1. Kumpanga beki kama kiungo wa pembeni katika fainali, na beki huyohuyo akawa mfungaji wa mabao mawili, ni jambo ambalo haliangukii mtu kwa bahati.

Sasa tuje kwenye swali lako la pili. Kazi ya aina hii inahitaji wachezaji wanaokubali kufundishwa. Sevilla ilikuwa ikinunua vijana wenye njaa na kuwauza: Ivan Rakitić aliondoka mwaka 2014, Carlos Bacca na Aleix Vidal wakaondoka mwaka 2015. Mchezaji anayejua kwamba miaka miwili ijayo anaweza kuwa Barcelona au Milan huketi akatazama video hadi mwisho. Paris alikuta watu ambao tayari wamefika. Mwezi Septemba 2017, katika mechi dhidi ya Lyon, Neymar na Edinson Cavani waligombania mkwaju wa penalti mbele ya ulimwengu mzima, na jambo dogo kama hilo la nani apige lilitosha kuonyesha kwamba mamlaka ndani ya kikosi kile hayakuwa mikononi mwa kocha.

Mhesabu Mabao amejibu:

Kwa heshima zote kwa ndugu Kiungo Mkabaji, maelezo yake ni mazuri lakini yamempamba mno bwana harusi. Naomba niongeze upande ambao mashabiki wa Emery hupenda kuusahau.

Msimu uleule wa 2015/16 aliotwaa kombe la tatu, Sevilla haikushinda hata mechi moja ya ugenini katika ligi. Mechi 19, ushindi sifuri. Walimaliza nafasi ya 7. Villarreal nayo ilimaliza nafasi ya 7 mwaka 2021, mwaka ambao ilitwaa Kombe la Europa pale Gdańsk. Kocha wa mtoano na kocha wa ligi ni viumbe wawili tofauti, na Paris na London aliajiriwa kwanza kabisa kwa ajili ya ligi. Msimu wake wa kwanza Ufaransa aliupoteza ubingwa kwa Monaco.

Na lile la Barcelona, tarehe 8 Machi 2017, haliwezi kuangushiwa nyota peke yao. Timu iliyoshinda 4-0 nyumbani ilikwenda Camp Nou ikarudi nyuma tangu dakika za mwanzo kana kwamba inalinda bao moja. Cavani alifunga dakika ya 62, ikawa 3-1, na Barcelona walihitaji mabao mengine 3, ambayo waliyapata yote kuanzia dakika ya 88. Mwamuzi alikosea, nakubali, lakini hofu ile ya kurudi nyuma ilikuwa mpango, na mipango ni ya kocha.

Hata hivyo nisimwonee. Mwaka 2018 aliiachia Paris ligi na vikombe vyote viwili vya ndani. Arsenal, akimrithi Arsène Wenger aliyekaa miaka 22, alikosa nafasi ya nne kwa pointi 1 tu, 70 dhidi ya 71 za Tottenham, na akafika fainali ya Europa kule Baku, ambako Chelsea waliwachapa 4-1. Pointi moja ikigeuka, leo tungekuwa na mjadala mwingine. Ninachopinga ni kusema kwamba ukubwa wa klabu ndio uliomshinda.

Mtazamaji wa Pembeni ameandika:

Nawashukuru nyote wawili. Hoja ya Mhesabu Mabao kuhusu ugenini sikuwa nikiijua na imenitikisa kidogo. Lakini inaniletea swali jingine. Luis Enrique naye ni Mhispania, naye alikwenda Paris, na mwaka 2025 akawapa Ligi ya Mabingwa kwa kuwafunga Inter 5-0. Yeye alikuwa mchezaji mkubwa aliyevaa jezi za Real Madrid na Barcelona. Je, si kweli basi kwamba jina la uchezaji ndilo linalompa kocha usikivu mbele ya nyota?

Benchi la Ufundi amejibu:

Ndugu Mtazamaji, mfano wako ni mzuri, lakini angalia kikosi. Luis Enrique alifika Paris mwaka 2023, majira ambayo Lionel Messi na Neymar waliondoka, na mwaka uliofuata akaondoka Kylian Mbappé. Ubingwa ule ulitwaliwa na vijana waliokuwa tayari kukimbia na kufundishwa, yaani watu wa aina ambayo Emery alikuwa nao Sevilla. Tena klabu ilikuwa imekwisha kuamua kwamba sauti ya mwisho ni ya kocha. Jina lake la uchezaji lilimsaidia, sikatai, lakini angepewa kikosi cha mwaka 2017 sina hakika tungekuwa tunamsifu hivi.

Kwa Emery, mabadiliko hayo ya mamlaka yalikuja Aston Villa. Alipofika mwishoni mwa mwaka 2022 timu ilikuwa karibu na mkia wa msimamo. Mechi ya kwanza akaifunga Manchester United 3-1, na msimu ukaisha wakiwa nafasi ya 7. Majira yaliyofuata klabu ilimleta Monchi, mkurugenzi wa michezo aliyefanya naye kazi Sevilla, na kwa mara ya kwanza katika klabu ya Uingereza kocha huyu akawa amezungukwa na watu wanaoelewa anachotaka kabla hajamaliza sentensi. Arsenal alikuwa mgeni hata katika lugha, na walikuwapo watu wazima waliotumia muda wao kumcheka jinsi anavyotamka salamu ya jioni. Kocha anayeishi kwa maelezo marefu, akichekwa kila anapofungua mdomo, amepungukiwa na kifaa chake kikuu.

Mhesabu Mabao amesema Emery si kocha wa ligi, na hapo ndipo ninapotofautiana naye. Msimu wa 2023/24 Villa ilimaliza nafasi ya 4 England, ikarudi katika mashindano ya mabingwa wa Ulaya ambayo haikuwa imeyacheza tangu msimu wa 1982/83. Ilifanya hivyo kwa safu ya ulinzi inayosogea juu hadi karibu na mstari wa kati na kumwacha mshambuliaji wa timu pinzani ameotea mara kwa mara, mtindo ambao beki mmoja akichelewa hatua moja kazi yote imeharibika. Ni kinyume kabisa na woga ulioonekana Camp Nou. Mwezi Oktoba 2024 Bayern Munich walikwenda Villa Park wakafungwa 1-0, matokeo yaleyale ya fainali ya Ulaya ya mwaka 1982 kati ya timu hizi mbili.

Tena mifano ya katikati isisahaulike. Katika Ligi ya Mabingwa, Villarreal yake ya mwaka 2022, klabu ya mji wenye watu wapatao 50,000, iliitoa Juventus kwa 3-0 mjini Turin, ikaitoa Bayern, na katika nusu fainali dhidi ya Liverpool, baada ya kufungwa 2-0 mkondo wa kwanza, ilikwenda mapumziko ya marudiano ikiwa imesawazisha yote mawili. Ilipoteza 3-2 mwishowe, lakini haikurudi nyuma.

Na kwa kuwa umemtaja Luis Enrique, makocha hawa wawili walikutana mwezi Aprili 2025 katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Villa dhidi ya Paris ileile iliyomwacha Emery aondoke. Paris walishinda 3-1 kwao, kisha wakapata mabao 2 ya haraka Villa Park, ikawa 5-1 kwa jumla na watu wakaanza kuhesabu aibu. Youri Tielemans akafunga, kisha John McGinn, kisha Ezri Konsa, yote matatu kabla ya saa nzima ya mchezo kutimia, na dakika zote zilizobaki mabingwa wale wa baadaye walikuwa wakiondosha mipira langoni kwao huku kipa wao, Gianluigi Donnarumma, akiokoa mmoja baada ya mwingine. Villa walitolewa kwa jumla ya 5-4. Safari hii walioshikwa na hofu walikuwa upande wa pili wa uwanja.