Naomba ushauri: mama anaunganisha safari mbili za meli ya kitalii

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nipo Mikindani, Mtwara. Dada yangu anayeishi Italia anataka kumlipia mama safari mbili za meli zinazofuatana. Ya kwanza inaishia bandari ya Genoa hukohuko Italia, ya pili inaanzia hapohapo siku ileile, meli ileile. Mama ameshavuka sitini, ana presha, na bahari anaijua kwa mashua tu.

Najua akikatiwa chumba kimoja kwa safari zote mbili hahami, ila kadi ya chumba, ambayo ndiyo ufunguo na ndiyo ya kulipia humo ndani, kwa kawaida hubadilishwa. Na kwa kuwa safari ya kwanza inapita Tunisia, halafu inarudi Ulaya, viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo) iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Hilo nimemsisitizia sana dada.

Kinachonikosesha usingizi ni maisha ya humo. Mama hali nyama asiyojua imechinjwaje. Samaki na mboga zitamtosha muda wote huo, au tuwaandikie mapema? Kibla ataijuaje meli ikiwa inageuka kila saa? Kufuliwa nguo nasikia ni ghali. Anaruhusiwa kufua kanga zake bafuni na kuzianika? Na dawa za kichefuchefu cha bahari, kuna aliyezitumia pamoja na za presha? Daktari tutamwona, lakini nataka kusikia pia kwa waliopitia, hasa mliofanya kazi kwenye meli hizi.

Dada anataka jibu kabla hajalipa, na mama mwenyewe ana hamu mno ya kwenda.