Sakafu ya ghorofa ya chini inavuja: makandarasi watatu, mapendekezo matatu. Tumsikilize yupi?

Mwenyeji wa Makindye

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Nyumba yetu imejengwa kwenye mteremko wa kilima cha Makindye, hapa Kampala, Uganda, na ghorofa yake ya chini imechimbiwa ndani ya kilima, kiasi kwamba ukuta wa nyuma umefukiwa wote na ule wa mbele unatazama barabara. Tunaitumia kama stoo na maegesho. Kila msimu wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, maji huchomoza sakafuni, hasa pale sakafu inapokutana na ukuta wa nyuma, na pia katika ufa mrefu unaokatiza katikati ya chumba.

Nimewaita makandarasi watatu. Wa kwanza anataka kukwangua sakafu, kupaka matabaka mawili ya saruji maalumu ya kuzuia maji, kisha kuweka vigae. Wa pili anapendekeza kutoboa kandokando ya ufa na kusukuma ndani dawa ya poliyurethani, ambayo hufura inapokutana na maji. Wa tatu anataka kukata mfereji ndani ya sakafu kufuata kuta, kulaza bomba lenye matundu katika kokoto, na kuyaelekeza maji kwenye shimo lenye pampu. Bei ya wa tatu inazidi mara tatu ya bei ya wa kwanza, na huyo wa kwanza anaahidi dhamana ya miaka kumi. Kila mmoja alikagua kwa muda mfupi tu na kuondoka akiwa na hakika kabisa. Nilinganishe vipi?

Mhandisi wa Ntinda

Ndugu, bado huwezi kulinganisha bei hizo, kwa sababu makandarasi hao hawakujibu swali moja. Wa kwanza amejibu namna ya kuyafunika maji, wa pili namna ya kuziba ufa, na wa tatu namna ya kuyaondoa. Hakuna aliyekueleza maji yanatoka wapi, na hilo ndilo la kuwadai kabla ya kuzungumza fedha.

Vilima vya Kampala vina tabaka la udongo mwekundu wa murram ambalo hupitisha maji ya mvua kwa wepesi, na chini yake mara nyingi kuna udongo mzito usiopitisha. Maji hushuka yakifuata mpaka wa matabaka hayo, na ndiyo sababu chemchemi nyingi za jiji hili hutokea chini ya vilima. Ukichimba ghorofa ndani ya mteremko, umeikata njia hiyo, na maji yatasukuma ukuta wa nyuma na kupita chini ya sakafu.

Sasa angalia uzito. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 10 ina uzito wa takriban kilo 240 kwa kila mita ya mraba. Maji yakisimama kimo cha mita 1 juu ya kitako cha sakafu, huisukuma kwenda juu kwa nguvu ya kilo 1,000 kwa kila mita ya mraba. Maana yake ni kwamba sakafu nyepesi isiyo na nondo huanza kuelemewa maji yanapofikia sentimita 24 tu. Kwa hiyo mkandarasi anayetaka kuziba kila tundu kutoka ndani bila kuipunguza nguvu hiyo, muulize sakafu yako ina unene gani na kama ina nondo. Akishindwa kujibu, au asipotaka hata kutoboa tundu dogo ili apime, usimpe kazi.

Mama wa Bweyogerere

Namuunga mkono mhandisi. Kwetu tulipakiwa saruji ya kuzuia maji kama hiyo, na katika msimu wa kiangazi ilipendeza macho. Mvua zilipochanganya, maji yaliacha kutokea katikati, yakaanza kutokea pembeni, kisha vigae vikabanduka kwa safu. Tulipomwita mkandarasi kwa dhamana yake, alitusomea karatasi: dhamana ilihusu dawa yenyewe kutobanduka kwenye zege, wala haikuhusu sakafu kubaki kavu. Dada au kaka unayesoma, kabla ya kutia saini muombe aandike kwa maneno mepesi, “Maji yakionekana tena sakafuni katika eneo hili, nitarudi kurekebisha kwa gharama yangu,” na aandike hadi lini.

Jambo jingine ni kwamba vigae huficha. Hata ukichagua kupaka, iache sakafu wazi ipitiwe na misimu miwili ya mvua kwanza.

Fundi wa Jinja

Wakubwa, naomba niitetee kidogo dawa ya kusukuma, maana nimeifanya kazi hiyo. Poliyurethani ni dawa nzuri ikitumiwa mahali pake. Matundu hutobolewa kwa mshazari yakutane na ufa katikati ya unene wa zege, kisha dawa husukumwa mpaka itokeze juu. Hufanya kazi hata maji yakiwa yanatiririka, jambo ambalo epoksi ya kawaida hailiwezi vizuri, kwa kuwa epoksi hupendelea ufa mkavu na kazi yake hasa ni kuunganisha zege iliyovunjika. Hata saruji ya kuzuia maji ina faida kwenye unyevu mdogo na nyufa nyembamba. Tatizo ni kwamba ukiziba ufa mmoja na msukumo ukabaki vilevile, maji yatautafuta mwingine. Kwa hiyo mimi huiona dawa hii kuwa kazi ya pili, baada ya kuyapatia maji njia.

Pia, mwenyeji wetu, kabla ya yote fanya majaribio haya. Funga mabomba yote ya ndani usiku na usome mita ya maji kabla na baada. Ikitembea, huenda unavujisha maji ya bomba unayoyalipia. Mimina rangi isiyo na madhara chooni na uangalie kama itatokea sakafuni, kwa kuwa shimo la maji machafu, lako au la jirani wa juu, linaweza kuwa ndilo chanzo, na hilo ni suala la afya. Mwisho, bandika kipande cha nailoni sakafuni, kingo zote zikiwa zimezibwa kwa gundi, ukiache usiku kucha: matone yakiwa chini ya nailoni, unyevu unatoka kwenye zege, yakiwa juu yake, ni jasho la hewa ya chumba.

Mkazi wa Entebbe

Sisi tulio karibu na ziwa hatuna budi kutumia pampu, kwa kuwa maji ya ardhini hapa hufuata kimo cha ziwa. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipofikia mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likipita rekodi ya 1964, waliokuwa wamepaka dawa na waliokuwa hawajapaka wote walilowa. Atakayechagua pampu amuulize mkandarasi maswali mawili: umeme ukikatika wakati wa mvua kubwa, pampu itaendeshwa na nini? Na maji yatamwagwa wapi? Kuyamwaga kwa jirani au barabarani ni kuanzisha ugomvi mwingine.

Mhandisi wa Ntinda

Ndugu wa Entebbe amenikumbusha jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mwenyeji anasema upande wa mbele unatazama barabara. Ikiwa sakafu iko juu ya usawa wa mtaro wa nje, maji yanaweza kutoka kwa mteremko wake yenyewe, bila pampu na bila umeme. Vilevile upande wa juu, nyuma ya nyumba, unaweza kuchimbwa mtaro wa kukinga, wenye kina kinachofika chini ya usawa wa sakafu, uwekewe kitambaa cha kuchuja, bomba lenye matundu na kokoto, maji yazungushwe pembeni mwa nyumba. Uchimbaji karibu na ukuta unaobeba udongo ufanyike kwa vipande vifupi na usimamiwe na mhandisi aliyesajiliwa, kwa sababu kuuacha wazi wote kwa mara moja kunaweza kuhatarisha msingi. Ulizeni KCCA, yaani mamlaka ya jiji la Kampala, kuhusu kibali kabla ya kuanza.

Karani wa Mukono

Kuhusu mkataba, niongeze machache. Uliza kama bei inajumuisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, la sivyo utalinganisha vitu visivyolingana. Lipa kwa hatua zinazoonekana, na ubakize sehemu ya fedha, asilimia 10 kwa mfano, hadi msimu wa mvua upite. Hifadhi risiti na picha. Mzozo usiozidi shilingi milioni 10 unaweza kupelekwa kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani bila wakili.

Mwenyeji wa Makindye

Nawashukuru kwa moyo wote. Mita ya maji haikutembea na rangi haikutokea, kwa hiyo tunaamini ni maji ya kilima. Nimewaandikia wote watatu maswali yaleyale: chanzo ni nini na umekithibitishaje, sakafu ina unene gani, msukumo utapunguzwa vipi, maji yatatoka kwa njia gani, na dhamana inahusu nini.

Wa kwanza hajajibu. Wa pili amekiri kwamba dawa yake peke yake haitoshi, akapunguza kazi yake ibaki kwenye ufa wa katikati tu. Wa tatu alirudi na kifaa cha kupimia usawa, akakuta mtaro wa barabarani uko chini ya sakafu yetu kwa zaidi ya nusu mita, akaiondoa pampu katika makadirio na kuongeza mtaro wa kukinga nyuma. Bei imeshuka, ingawa bado ni kubwa. Tumemtafuta mhandisi wa kukagua mchoro wake, na tunataka uchimbaji ukamilike mwezi Julai, ardhi ikiwa kavu. Ufa wa katikati tutauacha mpaka mvua za Septemba zituonyeshe kama bado unahitaji dawa.