Mtwara: niliuziwa kiwanja chenye barabara ya mita 10, barabara yenyewe imebaki kwenye mchoro

Wakuu, salaam. Leo nina hasira, mtanisamehe nikivuka mpaka. Nimetoka kulipa elfu 15 ya mpira. Sio ya maji, maji nimelipa kivyake. Ya mpira.

Naishi upande wa Mangamba, mtaa siutaji maana majirani nao wamo humu. Mwaka 2021 nilinunua kiwanja cha mita 20 kwa 30 kwa jamaa wa upimaji (nao siwataji, sitaki kesi). Siku ya kwenda kuona tulipakiwa kwenye kirikuu, tukagawiwa maji ya chupa ya baridi kabisa, kijana akatandaza mchoro juu ya boneti na kuukandamiza kwa simu zake mbili usipeperuke. Akawa anapitisha kidole: hii ya mita 10 inapita mbele yako, hii ya 12 inakwenda kukutana na lami, hapa eneo la wazi, hapa shule. "Hiki kimepimwa kaka, hutabomolewa." Bikoni nne, yale mawe ya mpaka, nilizihesabu mwenyewe. Nikalipa.

Sasa njooni muione hiyo mita 10.

Jirani wa kona amejenga ukuta, na ukuta umetoka nje ya mpaka wake hatua nne nzima. Nimepima kwa kamba saa 12 asubuhi kama mwizi. Bikoni ya hapo haipo. Fundi wake ananiambia waliing'oa wakidhani ni jiwe. Jiwe la zege lenye namba! Upande wa pili imesimama mikorosho mitatu, mikubwa, matawi yameinama mpaka kichwani kwa mtu. Kati ya ukuta na mkorosho wa kwanza inapita bajaji moja, na dereva awe mzoefu.

Bomba la maji limeishia barabara kubwa. Niliomba kuunganishiwa, mafundi wakaja, wakatazama, wakaniuliza wachimbe wapi. Kwenye msingi wa ukuta wa mtu? Kwenye mizizi? Wakaondoka. Kwa hiyo naishi kwa boza. Na boza haliingii. Mwezi uliopita dereva alijaribu, akakunja vioo vyote viwili, utingo akapanda juu ya tangi kuinua matawi kwa fito, wakafika katikati wakakwama. Kurudi nyuma kukachukua dakika 40, huku maji yanamwagika kwenye mfuniko na watoto wa mtaa mzima wanakinga ndoo. Tangu siku hiyo linaegesha kule kwenye lami na kuvuta mpira, vipande vitatu vimeungwa kwa kamba ya tairi. Ndiyo hiyo elfu 15.

Mwenye mikorosho nilimfuata. Mzee wa watu, nikamkuta anaokota korosho, nikamwamkia, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, shamba hili lilikuwa langu lote mpaka kule kwenye nguzo. Waliokuja kupima walihesabu mikorosho yangu, wakaandika, wakanilipa nusu. Hii mitatu iliyo njiani bado wananidai subira. Wakinilipa leo, kesho panga nashika mwenyewe."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nikaishiwa maneno. Maana ana haki. Mkorosho kwetu huku ni mshahara, Oktoba ikifika ndiyo ada za watoto. Mtu akate mshahara wake ili boza la mgeni wa 2021 lipite? Nikamsaidia kuokota tukaongea mambo mengine. Hasira yangu kwake iliishia pale, ikahamia yote kwa wale wa kirikuu.

Nao ukiwapigia wanakwambia "sisi kazi yetu ilikuwa kupima, barabara sio zetu". Nikaenda ofisi inayohusika. Dirisha la kwanza: andika barua. Nikaandika. Nikarudi baada ya wiki mbili, barua haionekani, andika nyingine uambatanishe nakala ya mchoro. Nikaambatanisha. Mara ya tatu mtaalamu yuko safarini. Mara ya nne nikaambiwa niongee na jirani "kwa busara". Jirani mwenye ukuta anaishi Dar es Salaam, amemwacha mlinzi na mbwa.

Kodi ya pango la ardhi lakini inanifikia bila kupotea hata siku moja. Namba ya kiwanja wanaijua, ukubwa wanaujua, deni wanalijua kwa shilingi. Barabara tu ndiyo hawaioni.

Kinachoniuma zaidi ni nikishuka mjini. Pita Shangani au Ligula uone barabara zilivyo pana. Mji ule waliuchora Waingereza miaka ya 1940 mwishoni, tena kwa ajili ya karanga za Nachingwea, mradi uliokufa 1951. Reli yake iling'olewa, imebaki jina tu, kata ya Reli. Yaani watu waliofeli kilimo cha karanga walituachia barabara. Sisi tuliokesha tukiimba "Mtwara kuchele", yaani Mtwara kumekucha, enzi za gesi, madalali wakipandisha bei za mashamba kila wiki, tumeachiana vichochoro. Gesi ya Mnazi Bay ikalazwa kwenye bomba mpaka Dar es Salaam, likapata njia yake nyoofu mamia ya kilomita. Bomba la inchi moja la maji kuja kwangu limekosa pa kupita.

(Na msiniambie "ungenunua Shangani". Mngenichangia?)

Mvua ikinyesha ndiyo usiseme. Ule ukuta umeziba mkondo, maji yanakata kona yanaingia uani kwangu na mchanga wake wote. Machi nilizoa mchanga sebuleni kwa sururu na beleshi. Mke wangu aliuliza kama tumenunua kiwanja au korongo.

Sasa nauliza, hasa walioko Lindi, Masasi au hapa hapa waliowahi kupambana na jambo kama hili na wakashinda: bikoni ikishang'olewa, nani mwenye mamlaka ya kuirudisha, na gharama ni ya nani, yangu au ya aliyejenga? Nikienda baraza la ardhi nimshitaki jirani peke yake au na waliopima? Na yule mzee, kuna njia adai fidia ya mikorosho yake mitatu sasa hivi? Karatasi waliyomwandikia anayo, ameniruhusu kuipiga picha, imekunjwa mara nane ila inasomeka.

Wa kuja na "pole mkuu" asante, nimezipokea tayari. Nataka mwenye uzoefu. Jumamosi boza linakuja tena na utingo ameniambia kabisa mpira umepanda bei.