Hesabu za zinki, iridiamu-192 na anodi ya meli: majibu yangu hayalingani na ya mwongozo

Mwanafunzi_Kisumu
Hamjambo wadau. Hesabu tatu za kemia ya uhandisi zimenikwamisha.

1. Bamba la chuma la sm 10 kwa sm 20 linapakwa zinki kwa umeme pande zote mbili, unene mikromita 25, mkondo ampea 8, ufanisi wa kathodi (upande hasi, yaani bamba lenyewe) asilimia 90. Densiti ya zinki ni gramu 7.14 kwa sm³, moli moja ni gramu 65.38. Itachukua muda gani? Nimepata dakika 20, mwongozo una 49.

2. Chanzo cha mionzi cha iridiamu-192 cha kupigia picha viungo vilivyolehemewa kina TBq (terabekereli, kipimo cha nguvu ya mionzi) 2.0 leo. Nusu-maisha ni siku 73.8. Baada ya siku 120 kitabaki na ngapi, na picha inayochukua dakika 6 leo itahitaji ngapi? Nimepata TBq 1.23.

3. Anodi (kipande cha metali kinacholiwa na kutu badala ya chuma) ya kilo 10 inakinga meli ya chuma Ziwa Victoria kwa mkondo wa ampea 0.25. Tuchague zinki au magnesiamu, kisha tukadirie itadumu miaka mingapi. Hii sijaianza, mifano yote niliyo nayo ni ya baharini.

Fundi_Nakuru
Ya kwanza una makosa mawili yaliyopandana. Eneo ni sm² 400, unene sm 0.0025, kwa hiyo ujazo ni sm³ 1 na uzito gramu 7.14, yaani moli 0.1092. Ioni ni Zn²⁺: kila atomu inachukua elektroni mbili, kwa hiyo elektroni ni moli 0.2184. Zidisha kwa 96,485 (kulomu kwa kila moli ya elektroni) upate kulomu 21,074. Wewe ulihesabu elektroni moja.

Kisha ukazidisha kwa 0.90. Asilimia 10 ya umeme inaishia kutoa haidrojeni kwenye kathodi badala ya kushusha zinki, kwa hiyo chaji inayotakiwa ni kubwa zaidi, si ndogo: 21,074 ÷ 0.90 = 23,415. Gawa kwa ampea 8: sekunde 2,927, karibu dakika 49.

Haidrojeni hiyo usiipuuze. Boliti ya chuma kigumu ikiifyonza huwa dhaifu na inaweza kukatika baada ya kukazwa, ndiyo maana huokwa kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 200 hivi za selsiasi mara tu baada ya kupakwa. Tena hizo mikromita 25 ni wastani: mkondo hukimbilia kingo na pembe, katikati ya bamba panabaki pembamba. Ukipima ukingoni tu utadanganyika.

Mwalimu_Kakamega
Ya pili, kabla ya kugusa kikokotoo: siku 73.8 zikipita inabaki TBq 1.0, siku 147.6 zikipita 0.5. Siku 120 ziko katikati ya hizo, kwa hiyo 1.23 haiwezekani kabisa. Ulitumia log 2 (0.301) badala ya ln 2 (0.693), kisha ukaiweka kwenye e. Nimeijaribu, inatoa 1.23 hasa.

Njia salama ni kuacha e: 120 ÷ 73.8 = 1.626, na 0.5 kwa kipeo cha 1.626 ni 0.324. Zidisha kwa 2.0 upate TBq 0.648. Filamu inahitaji mnururisho uleule, kwa hiyo dakika 6 ÷ 0.324 = 18.5.

Mwanafunzi_Kisumu
Asante sana mwalimu, nimeliona kosa. Je, badala ya kusubiri dakika 18, chanzo hakiwezi kusogezwa karibu?

Mwalimu_Kakamega
Kinaweza, lakini unalipa kwa ubora wa picha. Nguvu hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo kama kilikuwa sm 60, zidisha kwa kipeuo cha pili cha 0.324 (yaani 0.569): sm 34 zinarudisha dakika 6. Tatizo ni kwamba chanzo si nukta, kina upana wake. Kikisogea, kingo za ufa kwenye picha hutanuka kuwa ukungu na ufa mwembamba unapotea. Kwa chuma kinene, ongeza muda.

Fundi_Nakuru
Ya tatu: magnesiamu. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, yanapitisha umeme vibaya, kwa hiyo unahitaji msukumo (tofauti ya volti) mkubwa. Ukipima kwa kulinganisha na elektrodi ya shaba na salfati ya shaba, chuma hukingwa kikifika volti −0.85. Zinki iko −1.10, inabakiza robo volti tu. Magnesiamu iko karibu −1.5, inabakiza 0.65. Isitoshe, kwenye maji yasiyo na chumvi zinki hujifunika gamba na kuacha kufanya kazi.

Muda: 2 × 96,485 ÷ 0.0243 (kilo za moli moja ya magnesiamu) ÷ 3,600 (sekunde za saa) ni ampea-saa 2,205 kwa kilo. Chukua nusu, 1,100, kwa sababu magnesiamu hujila yenyewe ikitoa haidrojeni. Kilo 10 ni 11,000. Zidisha kwa 0.85, kwani anodi hubadilishwa kabla haijaisha: 9,350. Gawa kwa 0.25: saa 37,400, yaani miaka 4.3.

Andika pia onyo hili: usirundike anodi kupita kiasi. Kathodi, ambayo hapa ni chuma cha meli, hutengeneza OH⁻ (alkali), na msukumo ukizidi rangi ya meli hutoka malengelenge na kubanduka, kisha eneo tupu linadai mkondo zaidi na ile 4.3 inashuka.