Tupeane uzoefu: bakshishi safarini, unatenga ngapi na unampa nani?

Mzee wa Mabegi:
Wakuu, habari za saa hizi. Hii aibu nimeificha tangu Desemba, leo naitoa.

Tulikuwa sita, wa ofisi moja hapa Dar, tukajichanga kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku tano. Tulihesabu kila kitu: ada za hifadhi, nauli ya basi kwenda na kurudi Moshi, kukodi majaketi, hadi chokoleti za usiku wa kileleni. Bakshishi haikumjia mtu kichwani. Tulijua ni mambo ya Wazungu.

Siku ya tano asubuhi, kambi ya Horombo. Kilele cha Uhuru tumeshuka jana yake, magoti yanalia, tunakunywa uji. Nikasikia makofi nje. Kutoka, timu yote imejipanga, watu kumi na sita: kiongozi, wasaidizi wawili, mpishi na wagumu, yaani wapagazi, kumi na wawili. Wakaimba, mmoja anapiga ndoo kama ngoma. Na sisi tukaingia kati tukacheza, video tukachukua. Wimbo ukaisha. Kimya. Kiongozi akashukuru, kisha akasema, "Basi na nyie mna neno gani kwa vijana?" Mwenzetu mmoja, Mungu amsamehe, akatoa hotuba ya uzalendo. Dakika nne nzima.

Tukarudi ndani kukung'uta mifuko. Watu sita tukapata 85,000. Gawa kwa kumi na sita: elfu tano na chenji, kwa siku tano za kubebewa begi hadi kambi ya Kibo. Tukaomba watuvumilie mpaka getini. Getini nikakopa kwenye simu, wengine wakapiga nyumbani, ikafika laki nne. Tukamkabidhi kiongozi zote mkononi, tukapanda gari, tukashusha pumzi.

Wiki ile ile kijana aliyenibebea begi akanitumia salamu. Wala hakulalamika, mimi ndiye nilimuuliza alipata ngapi. Elfu kumi. Wagumu kumi na wawili kwa elfu kumi ni laki na ishirini. Nimerudia hiyo hesabu mara tatu na bado nyingine siioni.

Kwa hiyo naomba tupeane uzoefu. Mlimani, mbugani, hotelini, nje ya nchi. Mnatenga vipi, na mnatoaje?

Kisoda:
Hotuba ya uzalendo 😂😂 Mkuu, huyo mwenzenu yuko idara gani tumkwepe?

Mgumu Mstaafu:
Mzee wa Mabegi, usijilaumu sana, wazawa wengi inawakuta hivyo. Mimi nimebeba miaka sita, sasa ni msaidizi wa kiongozi. Nakueleza kutoka upande wa pili wa ule wimbo.

Mzigo wa mgumu unapimwa getini, mwisho kilo 20. Posho ya kampuni inatofautiana mno. Zipo zinazolipa vizuri, na zipo ambazo ukitoa nauli na chakula cha njiani, tipu ndiyo mshahara wenyewe. Ndiyo maana ile asubuhi watu wanaimba kwa nguvu vile.

Kosa lenu halikuwa kiasi. Kosa ni kumpa mtu mmoja hela zote bila wengine kujua ni ngapi. Fanya hivi: usiku wa mwisho kaeni wenyewe, andikeni karatasi, kiongozi kiasi hiki, msaidizi hiki, mpishi hiki, kila mgumu hiki. Asubuhi mmoja wenu aisome kwa sauti mbele ya timu nzima, halafu kila mtu apewe chake mkononi. Kiongozi mwaminifu hatakasirika. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

Kiasi? Wageni wengi hupewa mwongozo wa kati ya dola 6 na 10 kwa mgumu mmoja kwa siku, na hiyo inatoka kwa kundi zima, si kwa kila mpandaji. Mzawa hatumpimi kwa kipimo hicho. Kwa kundi lenu mimi ningepiga hivi: mgumu 10,000 kwa siku, siku tano, watu 12, hiyo 600,000. Mpishi 15,000 kwa siku, 75,000. Wasaidizi 20,000 kila mmoja, 200,000. Kiongozi 30,000, 150,000. Jumla 1,025,000. Gawa kwa sita, ni kama 171,000 kila mtu. Mkilijua hilo miezi mitatu kabla, halimuumizi mtu.

Na mkienda kwa njia ya Machame au Lemosho mnalala kwenye mahema, kwa hiyo mkikodi choo cha kubeba kuna kijana anayekibeba na kukisafisha kila kambi. Kwenye orodha husahaulika. Mwandikeni wa kwanza.

Bin Kipimo:
Samahani wakuu, mimi sitoi. Nimelipa kampuni, kampuni imlipe mtu wake. Tukiendelea kuziba pengo, mwajiri atapandisha mshahara lini?

Fundi wa Houston:
Bin Kipimo, na mimi nilikuwa na hoja hiyo hiyo mpaka nilipofika huku Marekani.

Mwezi wangu wa kwanza tulikula watu wawili, tukalipa bili kamili, tukaacha dola moja mezani kwa roho safi kabisa. Dada aliyetuhudumia akatufuata hadi mlangoni, akauliza kwa upole kama kuna kitu alikosea. Sikumwelewa. Nilimwelewa mke wangu alipopata kazi ya kuhudumia mezani. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa tipu dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijasogea tangu 1991. Tipu zisipomfikisha kwenye kima cha chini cha kawaida, dola 7.25, mwajiri anatakiwa kuongeza. Texas inafuata hicho hicho. California ni tofauti, mhudumu analipwa kima kamili, lakini watu wanatoa vile vile.

Kwa hiyo mgeni akija kwangu namwambia: menyu ikiandika 40, wewe soma 50. Hapa Houston kodi ya mauzo ni 8.25%, inaongezwa mwishoni, halafu tipu asilimia 15 hadi 20 ya chakula. 40 inakuwa 51 na senti zake. Hotelini acha dola 2 hadi 5 kila asubuhi kwa anayetandika kitanda, usisubiri siku ya kuondoka, maana anaweza kuwa si yule yule. Na mkiwa kundi kubwa soma risiti hadi chini, mara nyingi wameshakata tipu ya kwao. Shemeji yangu alilipa mara mbili, mpaka leo hataki kuzungumzia.

Siyo haki, nakubali. Lakini ukigoma kutoa, anayekosa si mwajiri. Ni yule dada.

Bin Kipimo:
Sawa, nimesikia. Bado naona mwajiri anatucheka wote.

Binti Ukunda:
Hapo kwa mtu kubadilishwa umenigusa. Mimi ni Mkenya, tulipeleka watoto hoteli moja Diani, siku nne. Kuna kijana wa mezani alikuwa anajua mwanangu hali nyanya, akimletea sahani anazitoa moja moja kabla hatujasema. Nikasema huyu nitamtoa vizuri siku ya mwisho. Siku ya mwisho akawa yuko off. Nikaacha elfu moja mia tano kwenye boksi la tipu pale mapokezi, na mwenzangu mmoja anayefanya kazi ya hoteli akaniambia boksi linagawanywa kwa wote, mpaka wa jikoni na wa kufua. Si vibaya, hata wa kufua ni mtu. Lakini wangu sikumfikia. Siku hizi naomba namba mapema na natuma M-Pesa siku ile ile, mia mbili, mia tatu, basi.

Mtoto wa Forodhani:
Mie huwa nacheka. Watu wetu hawa hawa, muweke harusini taarabu ipigwe, atakwenda kutunza hadi noti ya mwisho ya nauli, na hajalazimishwa. Muweke mkahawani, mhudumu kasimama saa mbili juu ya kichwa chake, atasubiri chenji ya mia tano.

Ila Unguja tafauti ziwepo. Alokuletea chakula mpe. Nahodha alokupeleka kisiwani na kukurudisha salama mpe. Papasi alokufata kutoka bandarini anakuonyesha hoteli ulokwisha kuilipia, huyo hukumuomba kitu.

Kisoda:
Na wale wa stendi ya Mbezi? Begi langu la mgongoni, nimelivaa mgongoni, mtu amelishika mkanda tu hadi kwenye basi, halafu "bosi, hela ya soda".

Mtoto wa Lubumbashi:
Salamu kwenu. Huku kwetu Kongo tunaita matabishi, na neno hilo lina taabu yake. Uliyempa kwa shukrani ni matabishi, afisa anayeshika pasipoti yako akikuangalia machoni naye anaomba matabishi. Nanyi mna "chai", si ni hivyo hivyo? Mimi najipimia kwa wakati: nikitoa baada ya kazi, kwa mkono wazi, nimeshukuru. Nikiombwa kabla ya kazi ambayo mtu analipwa kuifanya, hiyo ina jina lingine.

Mtoto wa Forodhani:
Umesema.

Mzee wa Mabegi:
Wakuu, nimesoma yote, shukrani. Nimemtafuta yule kijana, nimemtumia ya kwangu peke yangu, hakutaka kupokea mpaka nikamwambia ni ya vocha. Vocha ya elfu arobaini, sawa.

Desemba tunarudi, Machame, siku saba. Safari hii kila mmoja anaweka elfu thelathini kwa mwezi kwa mhasibu wetu, nje kabisa ya hela ya safari. Tutafunga bahasha huku huku Dar, jina la kazi juu yake, na wa choo yuko namba moja. Mtoa hotuba anasoma orodha, hana ruhusa ya kuongeza neno.

Mgumu Mstaafu, swali moja: noti za elfu kumi au elfu tano?

Mgumu Mstaafu:
Elfu tano. Huko juu hakuna chenji. Na hizo bahasha zitieni kwenye mfuko wa nailoni, njia ya kushukia Mweka ni msitu na mvua haina ratiba. Kuna kundi lilitupa tipu imelowa chapachapa, tukaianika kwenye boneti ya gari getini, mmoja akasimama kulinda upepo.