Nimedaiwa laki tano kwa kuweka linki, na wanaonidai ndio walioniibia picha

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe nikiandika ovyo.

Nina kablogu kangu kadogo ka habari za uvuvi Ziwa Tanganyika. Wiki iliyopita niliandika kuhusu bei ya dagaa, nikagusia habari iliyotoka kwenye tovuti moja kubwa (jina naliweka kiporo). Nikaweka kichwa cha habari yao na linki, basi. Sikunakili hata aya moja. Anayetaka kusoma anabofya, anaenda kwao, anakutana na matangazo yao, hela wanaingiza wao.

Jumatatu nafungua barua pepe nakuta barua ina nembo, ina mhuri. Eti nimevunja hakimiliki, niondoe linki ndani ya siku 7 au nilipe shilingi 500,000 za "matumizi ya maudhui". Yaani mgeni akuulize duka liko wapi, umwonyeshe kwa kidole, halafu mwenye duka akudai kodi ya pango!

Nikasema ngoja niingie kwao niwaone hao watakatifu. Nashuka chini kidogo tu, uso kwa uso na picha yangu. Niliipiga mwenyewe mwalo wa Katonga, Kigoma, saa kumi na mbili asubuhi, dagaa ndio kwanza wanaanikwa. Jina langu lililokuwa kona ya chini wamelikata. Ndoo ya njano ya mpwa wangu, ile yenye mpini uliofungwa kamba ya katani, imewashinda kwa sababu iko katikati ya picha. Na chini wameandika: "Picha: Mtandao".

Sasa tuelewane. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuitoa nakala, kuisambaza na kuifikisha kwa umma. Mimi nakala yao niliitoa wapi? Habari yao bado imekaa kwao, wakiifuta leo linki yangu inabaki mfupa mtupu. Picha yangu wao wameipakua, wakaikata, wakaipandisha kwao. Nikiifuta kwangu, kwao inaendelea kupeta.

Ulaya walishabishana haya mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Februari 2014, kesi ya Svensson: waandishi wa Sweden walilalamikia kampuni iliyoweka linki za makala zao, makala ambazo tayari zilikuwa wazi kwa kila mtu kwenye tovuti ya gazeti. Mahakama ikasema linki ya namna hiyo haihitaji ruhusa. Agosti 2018 ikaja ya Renckhoff. Huko Ujerumani mwanafunzi alichukua picha ya mji wa Córdoba kutoka tovuti ya safari, akaitumia kwenye kazi ya darasani, tena tovuti akaitaja, shule ikaipandisha kwenye tovuti yake. Ikaamuliwa kwamba hapo ruhusa ya mpigapicha inatakiwa. Kwa hiyo hata kazi ya mtoto wa shule iliyotaja chanzo haikusalimika, sembuse "Picha: Mtandao"!

Najua hukumu za Ulaya hazimfungi hakimu wa Kisutu. Na linki zote si sawa: mwaka 2016, kwenye GS Media, mahakama hiyo hiyo iliwabana wanaotafuta faida kwa kuelekeza watu kwenye vitu vilivyovuja bila idhini ya mwenyewe. Anayegawa linki za muvi za wizi huku anakusanya hela za matangazo simtetei. Lakini mimi nimeelekeza watu kwenye habari yao wenyewe, waliyoiweka wazi wenyewe, na hawajaifungia hata neno la siri!

Nimewajibu juzi. Nimewatumia picha halisi ikiwa haijakatwa, pamoja na ankara ya shilingi 500,000, siku 7 vilevile. Linki siiondoi.

Leo asubuhi nimechungulia. Picha ipo, ndoo ipo. Walichobadilisha ni maneno ya chini, sasa yanasomeka: "Picha kwa hisani ya Mtandao".